Bwawa Jipya Likivaa Utando wa Kijani

Simu nyingi huniingia wiki ya tatu. Mfugaji amechimba bwawa nyuma ya nyumba, Nzuguni au Mkonze au Ihumwa hapa Dodoma, ametandika nailoni, amejaza maji ya kisima, amemwaga vifaranga 200 vya sato. Siku za mwanzo maji ni meupe hadi sakafu inaonekana, na majirani wanaitwa kuja kutazama. Kisha asubuhi moja anakuta kuta zimevaa kitu cha kijani kinachoelekea weusi, laini, kinachoteleza kama mlenda uliolala chunguni. Anakisugua kwa ufagio leo, keshokutwa kimerudi. Mchana kinatoa mapovu, vipande vinabanduka na kuelea. Anayepiga simu anauliza neno moja tu: niweke dawa gani?

Jibu langu ni kwamba usiweke dawa yoyote. Utando huo umekuja kula kitu ulichokiweka wewe mwenyewe bwawani, na utaondoka kitu hicho kikipungua. Kazi iliyopo ni kukijua ni kitu gani na kinaingia kwa mlango upi, hasa kwetu sisi wa Dodoma, Singida na nyanda hizi za kati. Huku maji ni haba na jua halina huruma, ilhali maelekezo mengi tunayopewa yalitungwa kwa ajili ya watu wenye mto unaopita shambani.

Tuanze na jina. Wengi wanauita mwani, na jina hilo linapotosha. Mwani ni kama ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, wanaoufunga kwenye kamba na kuuanika. Huu wetu ni bakteria. Wataalamu wanawaita sayanobakteria: viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho mmoja mmoja, lakini wakikusanyika kwa mamilioni hujifunika ute na kuwa zulia. Hutumia jua kujitengenezea chakula kama yafanyavyo majani, na ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Jamaa zao ndio chakula cha heroe wa Ziwa Natron. Kiumbe aliyeishi muda wote huo hashindwi na ufagio.

Kuna sifa moja ya bakteria hawa ambayo mfugaji akiielewa, nusu ya kazi imekwisha. Mmea wowote wa majini unahitaji naitrojeni na fosforasi. Baadhi ya sayanobakteria wanaweza kuvuta naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kwa hiyo ukiwanyima naitrojeni majini wanaitafuta kwingine. Fosforasi haivutwi hewani. Lazima iletwe na mtu, na kwenye bwawa la nailoni nyuma ya nyumba mtu huyo anajulikana: ni yule anayeshika kopo la chakula asubuhi na jioni.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha kwamba unachokiona ni utando wenyewe. Chukua kijiti, kizungushe ndani yake. Kama kinatoka na nyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele zilizolowa, hizo ni nyuzi za mwani wa kawaida, hazina madhara makubwa na unaweza kuzivuta kwa mkono. Kama kinatoka na kitu kinachokatika vipande na kuteleza kidoleni kama ngozi ya uji uliopoa, ni utando. Harufu nayo inasema. Utando una harufu ya udongo, ile ile inayopanda Dodoma tone la kwanza la mvua linapogonga vumbi la Novemba. Si kufanana tu, kwa sababu kemikali iliyo kwenye udongo ule na inayotoka kwenye utando ni moja, na huingia hadi kwenye nyama ya samaki. Mteja akikwambia samaki wako ana ladha ya tope, anakueleza hali ya bwawa lako.

Kama tatizo ni maji yenyewe kuwa ya kijani na si kuta, jaza chupa nyeupe ya kioo, uifunge, uiache mahali patulivu usiku kucha. Ukikuta kijani chote kimepanda juu na kufanya ukoga mdomoni mwa chupa, huenda ni sayanobakteria wanaoelea. Kikitulia chini au kikabaki kimetawanyika, ni mwani mwema.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo wafugaji wapya hawalipendi. Yale maji meupe ya wiki ya kwanza, uliyoitia majirani, ni sehemu ya chanzo cha utando. Maji yakiwa meupe, jua linafika sakafuni bila kizuizi, na utando unaota pale chini kwenye mwanga na mabaki ya chakula. Bwawa la sato linatakiwa liwe na kijani chepesi ndani ya maji, kile cha mwani mdogo unaoelea, kwa sababu kinakuwa pazia na kinatumia virutubisho kabla utando haujavifikia. Kipimo chake hakina gharama: ingiza mkono taratibu ukiwa umeukunjua. Kiganja kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, hapo ni pazuri. Kikipotea kwenye kifundo, umezidisha. Ukiwa bado unahesabu vidole huku maji yamepita kiwiko, maji hayo ni meupe mno. Mgeni katika kazi hii anakiogopa kijani kisichofaa kuogopwa, anamwaga maji yote, anajaza mapya meupe, na utando unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Sasa habari ya dawa. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa na bwawa la mita 3 kwa 4, kina cha mita 1, yaani lita 12,000. Utando ulipoingia, jirani yangu, mzee wa Kigogo anayelima zabibu, akaniletea mrututu kwenye kikopo. "Mwanangu, ukungu wa zabibu tunaumaliza kwa hii," akaniambia. Nikamshukuru, nikayeyusha ndani ya ndoo, nikamwaga. Siku ya pili kijani kikageuka kahawia na maji yakawa rangi ya chai. Nikafurahi. Siku ya tatu alfajiri niliwakuta samaki wote juu, midomo nje, wakimeza hewa. Jua lilipopanda nilikuwa nimeopoa zaidi ya 140.

Mzee hakukosea. Mrututu unafanya kazi yake vizuri kwenye jani la mzabibu. Mimi ndiye niliyemwaga kitu ndani ya maji bila kuuliza kitafanya nini huko. Shaba iliyomo ndani ya mrututu inaunguza matamvua ya samaki. Pia inaua utando wote kwa mkupuo, na zulia zima linapooza, bakteria wa kuozesha hutumia oksijeni yote iliyomo. Samaki waliosalimika na shaba wakafa kwa kukosa pumzi. Tena utando ukifa hivyo humwaga ndani ya maji fosforasi yote iliyokuwa mwilini mwake, pamoja na sumu kama ni wa aina yenye sumu. Na kwa kuwa maji yetu ya visima ni magumu, yale yanayoacha ganda jeupe ndani ya birika, sehemu kubwa ya shaba hugeuka mashapo na kutua chini kwenye tope, ikabaki bwawani. Wiki tano baadaye utando ulikuwa umerudi.

Vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, navyo usiviweke. Najua vinatumika mabandani kwa vifaranga wa kuku, na najua watu wanavipasua na kuvimwaga bwawani. Utando ni bakteria, kwa hiyo dawa ya bakteria inaweza kuupunguza kweli. Lakini samaki wako wanaishi kwa hisani ya bakteria wengine, wale wanaogeuza taka za samaki kutoka amonia yenye sumu kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo samaki wanaivumilia. Ukiwaua hao, amonia inapanda ndani ya siku chache. Na dawa hizo zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea, nasi tunazihitaji ziendelee kutibu watoto wetu.

Turudi kwenye kopo la chakula, kwa sababu hapo ndipo penye kesi. Mfuko wa kilo 20 wa chakula cha samaki wenye fosforasi asilimia 1 unabeba gramu 200 za fosforasi. Samaki hubakiza mwilini karibu theluthi moja, na nyingine zaidi ya gramu 130 zinaishia majini kwa njia ya kinyesi na mabaki. Gramu 1 ya fosforasi inatosha kujenga takriban gramu 300 hadi 500 za mwani mbichi. Piga hesabu: mfuko mmoja una ndani yake kilo 40 au zaidi za utando ambao bado haujazaliwa. Naitrojeni nayo ni hivyo hivyo, karibu robo moja ndiyo inayobaki kwenye mwili wa samaki.

Kwetu huku tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu ya chakula cha kujitengenezea. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, mashudu ni ya bei nafuu, pumba za mahindi zipo, kwa hiyo mfugaji anachanganya mashudu, pumba na dagaa wa kusaga, anamwaga unga ule juu ya maji. Siulaumu uamuzi huo, maana chakula cha dukani ni ghali. Lakini fosforasi iliyomo kwenye mashudu na pumba sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo tumbo la sato haliwezi kuifungua, inapita nzima na kutoka. Tena unga hausubiri samaki. Nusu yake inazama kabla haijaliwa, inatulia pembeni, na ukiangalia vizuri utaona utando unaanzia pale pale unaposimama kulisha. Kama unatengeneza chakula chako, kifunge kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kipitishe kwenye mashine ya kusagia nyama kitoke kama tambi, kianike kivulini hadi kikauke, kisha kikatekate. Weka kipande kimoja ndani ya bilauri ya maji. Kikivunjika kabla ya dakika 10, muhogo haujatosha.

Kiasi nacho kipimwe kwa mzani, si kwa huruma. Samaki 200 wenye gramu 50 kila mmoja ni kilo 10, na asilimia 3 ya uzito huo ni gramu 300 kwa siku nzima, asubuhi na jioni kwa pamoja. Watu wengi ninaowatembelea wanatoa mara mbili ya hapo. Kilichomwagwa kiwe kimekwisha ndani ya dakika 15, na kikibaki, mlo unaofuata upunguzwe.

Kisha kuna baridi yetu. Mwezi Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na bwawa la kina cha mita 1 linaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30, na chini ya 20 karibu anaacha kula. Mfugaji hapunguzi kopo. Miezi miwili ya chakula kisicholiwa inajikusanya chini kama tope jeusi, kisha Oktoba joto linapanda, tope linafunguka, na watu wanashangaa utando umetoka wapi ilhali hawajabadilisha kitu. Kutobadilisha ndiko kulikouleta. Wakati wa baridi lisha mara moja, saa 8 mchana, maji yakiwa yamepata jua, na siku ambazo samaki hawapandi juu usilishe kabisa.

Mlango wa pili ni maji yenyewe. Watafiti waliochunguza maji ya chini ya ardhi Dodoma katika miaka ya 1990 walikuta naitreti nyingi katika baadhi ya visima, na tangu hapo mji umepanuka sana na mashimo ya vyoo yameongezeka. Kama kisima chako kiko katikati ya makazi, peleka chupa moja maabara ya maji ipimwe kabla hujajaza bwawa, hata kama umeshachimba. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye simtanki iliyo wazi juu, juani, kwa siku moja au mbili kabla ya kuyaingiza.

Halafu kuna uvukizi, ambao watu wa mwambao hawaujui kama tunavyoujua sisi. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, nayo huja kwa miezi michache kuanzia Desemba. Jua na upepo huondoa zaidi ya mara tatu ya hapo. Bwawa linaweza kushuka milimita 6 kwa siku, na wewe unaongezea maji ya kisima. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi, naitreti na fosforasi hazipai, zinabaki na kusubiri wenzao wa ndoo inayofuata. Ukiongeza milimita 6 kila siku kwa siku 100, umeingiza sentimita 60 za maji mapya ndani ya bwawa la mita 1 bila kutoa hata tone. Kwa hiyo usiongezee tu. Kila wiki toa kwanza, asilimia 10 ya maji, uyatoe chini kwenye tope na si juu, ndipo ujaze. Kama una mabati, ya mvua ndiyo bora kuliko yote ya kuongezea. Lakini mvua ya kwanza iache ipite, kwani inasafisha vumbi na kinyesi cha ndege paani.

Yale unayoyatoa yapeleke kwenye papai, migomba au mizabibu, kwenye shina. Ni mbolea nzuri. Kama bwawa lina utando, usiyanyunyizie mchicha au mboga yoyote ya majani. Na usimwage tu barabarani. Maji mengi ya mji huu yanatoka kwenye visima vya Makutupora, na kumbukumbu za miaka zaidi ya 50 za kina cha maji pale zinaonyesha kwamba bonde lile hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha linaishi kwa akiba hiyo miaka mingi. Anayebadilisha lita 12,000 kila utando unapotokea anachota kwenye akiba hiyo, na hapati chochote, maana bwawa linaanza upya kutoka siku ya kwanza.

Kuhusu mbolea, neno moja: bwawa la udongo lisilolishwa chakula cha dukani linaweza kuhitaji samadi kidogo. Bwawa la nailoni au saruji linalolishwa kila siku halihitaji kinyesi cha kuku hata kiganja kimoja.

Basi utando umeshaingia, ufanyeje? Acha kulisha siku 4. Samaki hawatakufa, na hapa kuna jambo la kukutia moyo. Sato ni miongoni mwa samaki wachache wanaoweza kumeng'enya sayanobakteria, kwa sababu tumbo lake lina asidi kali sana. Watafiti waliliona hilo Ziwa George, Uganda, miaka ya mwanzo ya 1970, ambako sato waliishi kwa kula bakteria hao. Sato wako hali utando kwa kuwa umemshibisha mashudu. Mfunge chakula, siku ya tatu utamwona anachokonoa kuta.

Wakati huo huo toa utando kwa mkono. Fanya asubuhi mapema, ukiwa bado umelala chini na kushikana. Vaa glavu. Chukua mpira wa maji wa inchi 1, ujaze maji, ziba ncha moja kwa kidole, nyingine iingize bwawani, shusha ile uliyoziba chini ya usawa wa bwawa na uachie. Sasa mpira unafyonza. Upitishe polepole ukutani, mdomo wake ukiwa umelala kidogo, utaona zulia linajikunja na kuingia ndani ya mpira kama kipande cha kitambaa, na nyuma yake nailoni inabaki nyeusi safi. Usisugue. Kusugua kunaukatakata, kila kipande kinaelea hadi kona nyingine na kuanza maskani mapya. Mchana, vipande vilivyonyanyuliwa na mapovu viopoe kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwenye duara la waya. Ulichokitoa kifukie mbali na bwawa, kwa sababu ukikirundika ukingoni mvua ya kwanza itakirudisha.

Ukishaondoa sehemu kubwa, na hapo tu, unaweza kulifunika bwawa kwa turubai siku 3 ili utando uliobaki ukose jua. Acha upenyo pande mbili upepo upite. Usifunike bwawa lililojaa utando na samaki wengi bila pampu, maana gizani hakuna kinachotengeneza oksijeni na vyote vinaitumia. Baada ya hapo weka wavu wa kivuli, ule wa vitalu vya miche, juu ya nusu ya bwawa kuanzia Septemba hadi mvua ianze. Unapunguza jua, uvukizi na vumbi kwa pamoja, na upepo wetu wa miezi ile hubeba samadi iliyosagika kutoka kila zizi.

Maji yatembee. Utando unapenda kona zilizotulia. Pampu ndogo ya sola inayozungusha maji na kuyaangusha kutoka urefu wa mita moja inatosha kwa bwawa la nyumbani. Anayechimba sasa achimbe la duara, halina kona.

Usilete konokono kutoka lamboni waje kula utando. Nimeusikia ushauri huo mara nyingi, na konokono wa malambo ndio wanaobeba kichocho. Gugu maji nalo usiliguse, hata kama unaambiwa linafyonza uchafu. Waulize wavuvi wa Ziwa Victoria.

Watoto, mbwa na mbuzi wasinywe wala kuoga kwenye bwawa lenye utando. Baadhi ya sayanobakteria wana sumu inayoharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Ngozi ikiwasha baada ya kazi, osha kwa maji safi mengi na sabuni.

Kuna msomaji mmoja, yeye anafuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo, hapa hapa mjini, kilomita 450 hivi kwa barabara kutoka pwani. Alinionyesha mchanga wake uliofunikwa utando wa rangi ya damu ya mzee, na akadhani ni ugonjwa wa bahari. Ni bakteria hawa hawa, na sheria ni ile ile. Tangi la chumvi linahitaji gramu 35 za chumvi kwa lita, chumvi maalumu ya matangi na si ya mezani, na linapopungua kwa uvukizi liongezewe maji yaliyochujwa chumvi yote, si ya kisima. Taa zisizidi saa 8 kwa siku. Pampu ielekezwe pale utando unapolala, na kila wiki mchanga ufyonzwe juu juu wakati wa kubadilisha maji. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe na kusuuzwa kwanza. Tangi jipya la aina hiyo hupitia miezi kadhaa ya madoa, kwanza ya kahawia, kisha ya kijani au mekundu, na anayelivumilia kwa kulisha kidogo huona linatulia. Nilimwomba pia asiagize mtu amvunjie matumbawe Bongoyo wala Mbudya. Visiwa hivyo ni hifadhi tangu 1975.

Uvumilivu huo unahitajika kwenye bwawa pia. Bakteria wema wanaosafisha amonia huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye kuta na mawe. Ndiyo maana utando unaingia wiki ya tatu: chakula kimeshaanza, wasafishaji bado hawajafika. Anayeanza leo ajaze maji, aweke vifaranga 50 tu, alishe robo ya kiasi, na waliobaki awalete baada ya wiki 6. Ndoo moja ya mawe kutoka bwawa la zamani lenye samaki wazima husaidia sana kuwaleta wasafishaji mapema. Waliokwisha kuweka 200 hawajapoteza kitu, ila kopo wapunguze leo.

Kabla ya kuuza, wahamishe samaki kwenye maji safi yanayozunguka, bila chakula, kwa siku 5 hadi wiki, ile harufu ya udongo iwatoke.

Kesho nenda bwawani saa 11 alfajiri na tochi, kabla hujagusa mfuko. Oksijeni huwa chini kabisa saa hiyo. Ukikuta samaki wako juu wanameza hewa, usilishe siku nzima na anza kuangusha maji kwa ndoo kutoka juu hata kabla ya kufyonza utando. Ukikuta wametulia chini, mulika ukuta wa upande unaposimama kulisha, na anzia hapo na mpira wako.